Safari ya Ruaruke: Manowari, Mikoko, na Meli za Kupima Hewa

Ndugu msomaji, kama hujapata kufika Ruaruke usione haya. Watu wengi hupita kwa basi katika barabara ya Kilwa, wakashuka Kibiti kununua korosho na kunyoosha miguu, wakapanda tena wakaenda zao Lindi na Mtwara. Hawajui kwamba upande wao wa kushoto, kule jua linakotokea, nchi inashuka taratibu mpaka ikawa si nchi tena wala si bahari. Huko ndiko mto Rufiji unakogawanyika vidole vingi kabla ya kuingia baharini, na huko ndiko niendako nawe leo.

Nilikwenda kumtembelea mwenzangu wa zamani wa chuo cha ualimu, ambaye sasa anafundisha upande huo. Ukiiacha lami unapita minazi, mikorosho na miembe mikubwa, kisha mashamba ya mpunga yanaanza. Ruaruke ni kata ya wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rufiji. Wenyeji wengi ni Wandengereko, na wengi wao ni Waislamu. Ukarimu wao sina haja ya kuusifu sana; itoshe kusema kwamba mgeni hutandikiwa mkeka kwanza, ndipo huulizwa habari.

Jambo lililonivutia kwanza ni madungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti mirefu katikati ya shamba la mpunga. Mtu hukaa humo mchana kutwa kuwafukuza ndege, na usiku huwaangalia nguruwe mwitu. Mto ukifurika, maji hupita chini yake naye amekaa juu na sufuria yake na kuku wake. Ukikaa dunguni huna kazi nyingine ila kutazama. Basi watu wa huko wamekuwa watazamaji hodari. Wanajua maji ya mto yanakuja lini, wanajua maji ya bahari yatapanda hadi wapi siku za bamvua, na wanajua kwamba maji mafu yakiingia, mashua nzito haina budi kungoja. Masika yakiwa mazuri, maji matamu ya mto huisukuma nyuma chumvi ya bahari na mpunga hustawi. Masika yakikosekana, chumvi hupanda. Mzee mmoja niliyemwamkia dunguni kwake aliitikia marahaba, kisha hata kabla ya kuniuliza nimetoka wapi akaniuliza, “Huko ulikotoka, mwanangu, wingu limekaaje?”

Mzee huyo ndiye aliyenyoosha fimbo kuelekea upande wa Salale, akasema, “Kule ndiko ilikofia manowari ya Mdachi.”

Huenda umepata kusikia habari za manowari hiyo. Jina lake lilikuwa Königsberg, nahodha wake Max Looff. Ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914, na watu wa pwani wakaiita manowari ya bomba tatu, kwa kuwa ilikuwa na mabomba matatu ya moshi. Habari zake husimuliwa sana kwa upande wa mizinga. Mimi, baada ya kukaa na watu wa madungu, naona kwamba tangu mwanzo hadi mwisho ilikuwa ni habari ya hewa na maji.

Tazama mwenyewe. Tarehe 31 Julai 1914 ilipotoka Dar es Salaam, meli tatu za Waingereza zilikuwa nje zikiingoja. Mvua ya upepo ikapiga ghafla, macho yakazibwa, nayo Königsberg ikapenya na kwenda zake. Tarehe 6 Agosti ikaiteka meli ya Kiingereza City of Winchester, karibu na pwani ya Oman. Tarehe 20 Septemba ikaingia Zanzibar alfajiri na kuizamisha manowari Pegasus iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa. Lakini mitambo yake yenyewe ikaharibika. Basi ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, na vipande vya mtambo vikakokotwa na watu kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, kisha vikarudishwa vivyo hivyo. Majina ya wale waliovuta kamba hayakuandikwa na mtu.

Mwishoni mwa Oktoba Waingereza wakagundua ilipo. Ndipo shida ilipoanza, kwa pande zote mbili. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kwa sababu vijito vya delta vina mafungu ya mchanga na matope. Na Königsberg haikuweza kutoka isipokuwa maji yakiwa makubwa, na siku hizo za bamvua ndipo adui alipokuwa macho zaidi. Mwezi Novemba Waingereza wakaizamisha meli kuukuu, Newbridge, katika mlango mmoja ili kuuziba. Lakini milango ya Rufiji ni mingi, kama mwenyeji yeyote angaliweza kuwaambia. Kuna Kikunya, kuna Simba Uranga, kuna Msala na mingine.

Kilichowashinda zaidi ni kuona. Mikoko ya delta ni msitu wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na majani yake hayapukutiki. Waingereza wakamwajiri rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa akirusha ndege ya majini kwa maonyesho huko Durban. Safari ya kwanza alipotea akalazimika kutua mbali na meli yake. Baadaye aliiona manowari kweli, lakini mwezi Desemba ndege ikaharibika akiwa juu ya delta, akakamatwa. Mapema mwaka 1915 zikaletwa ndege nyingine kutoka Uingereza. Hizo ndizo zilizonichekesha. Zilikuwa zimetengenezwa kwa mbao na gundi, kwa hewa ya kwao. Joto na unyevu wa Rufiji vikaiyeyusha gundi, na katika hewa nyepesi ya joto ndege hazikuweza hata kupaa vizuri kutoka majini. Hakuna aliyekuwa amepima kwanza ile hewa waliyokuwa wakizipeleka!

Mwisho Waingereza walikiteka kisiwa cha Mafia mwezi Januari 1915, wakatengeneza uwanja wa ndege huko, na wakaleta manowari mbili fupi zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ambazo zilihitaji kina cha maji kisichofika mita 2. Zilikokotwa kwa kamba kutoka Malta. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mlango wa Kikunya na kupiga, lakini zikapigwa vikali zaidi, kwa sababu Wajerumani walikuwa na watazamaji ndani ya mikoko, wenye simu, wakiwaambia wenzao kila kombora lilipoanguka. Mersey ikapoteza mabaharia kadhaa. Zikarudi nyuma.

Tarehe 11 Julai zikaingia tena. Safari hii juu angani walikuwamo watu wawili, Cull rubani na Arnold mtazamaji, wenye simu ya upepo. Arnold alipeleka neno chini: mbali mno, karibu mno, kulia, kushoto. Ndege yao ikapigwa, mtambo ukazimika, ikaanza kushuka. Naye Arnold hakuacha. Ndege inaanguka, yeye bado anapeleka habari za makombora. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Kwa habari zile za mwisho Königsberg ikapigwa mfululizo mpaka ikawaka moto, naye Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru izamishwe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburutwa kupigana vita vya nchi kavu. Mmoja unaweza kuuona leo mbele ya Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Chuma kilichobaki mtoni kilikatwa vipande miaka ya 1960.

Nimekueleza hayo kwa urefu ili uone kwamba aliyeimaliza manowari ile ni mtu aliyekaa akatazama na kuandika. Na katika vita vya pili vya dunia, vya 1939 hadi 1945, watu wa namna hiyo walipewa meli zao wenyewe.

Yafaa kwanza ujue jinsi habari za hewa zinavyopatikana baharini. Kwenye nchi kavu kuna vituo. Baharini, kabla ya vita vile, kazi hiyo ilifanywa na meli za biashara. Kila nahodha alisoma kipimajoto chake, alisoma barometa, ndicho chombo kinachopima uzito wa hewa, akatazama upepo na mawingu, akapeleka habari kwa simu ya upepo. Mamia ya meli yakifanya hivyo, wataalamu waliokaa pwani walichora ramani, na dhoruba ikaonekana siku mbili tatu kabla haijafika.

Vita vilipoanza mwaka 1939, meli zote zikanyamaza. Meli inayosema “hapa nilipo upepo ni huu” imesema pia “hapa ndipo nilipo”, na nyambizi inasikia. Hata bahari yetu hii ya Hindi haikuwa salama. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo imejaa askari, wakiwamo wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki, na nyambizi ya Wajapani ikaizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Basi si ajabu kwamba manahodha walifunga midomo. Lakini kwa kufunga midomo, ramani ya hewa ikabaki tupu juu ya bahari yote, wakati ambapo majemadari na marubani waliihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Hapo ndipo zikatumwa meli ambazo kazi yake ilikuwa kusema. Waamerika walianza mwezi Februari 1940, kabla hata hawajaingia vitani, kwa meli mbili za walinzi wa pwani, Bibb na Duane, kati ya visiwa vya Bermuda na Azores. Fikiri kazi yenyewe, msomaji. Meli haiendi popote. Inazunguka mahali pale pale katikati ya bahari wiki baada ya wiki, katika mawimbi, inarusha baluni lenye vyombo vya kupimia hewa ya juu, inaandika, inapeleka. Kesho vivyo hivyo. Mimi ni karani wa parokia, kazi yangu ni daftari, na nakuambia kweli: hakuna kazi inayodharauliwa kama kuandika kila siku jambo dogo lile lile, na hakuna inayotafutwa kwa haraka zaidi siku inapohitajika.

Meli moja ya namna hiyo iliitwa Muskeget, ikilinda kituo cha Atlantiki ya Kaskazini. Mwezi Septemba 1942 iliacha kuitika. Ilikuwa na watu 121, kati yao raia wanne wa idara ya hewa. Hakuna hata mmoja aliyeonekana tena. Baada ya vita, kwa kusoma vitabu vya Wajerumani, ndipo ilipojulikana kwamba nyambizi iliipiga. Waingereza nao walipeleka meli za hewa, Arakaka na Toronto City, na zote mbili zikazamishwa katikati ya mwaka 1941.

Wajerumani, ambao hawakuwa na bahari ya Atlantiki mikononi mwao, walituma meli za uvuvi hadi karibu na kisiwa cha Jan Mayen kwenye barafu. Nahodha wa nyavu akawa nahodha wa barometa. Lakini kila meli hiyo ilipewa mtambo wa maandishi ya siri uitwao Enigma, pamoja na karatasi za funguo zake. Huko Uingereza kijana wa miaka 22, Harry Hinsley, aligundua jambo ambalo wakubwa hawakulifikiria: manowari kubwa ni vigumu kuiteka, lakini meli ya uvuvi iliyo peke yake kwenye barafu, yenye funguo zile zile, nani anailinda? Tarehe 7 Mei 1941 Waingereza wakaiteka moja iitwayo München, na tarehe 28 Juni wakaiteka Lauenburg. Wakapata funguo, wakaanza kusoma barua za nyambizi. Manowari iliyowapandisha watu wao ndani ya München iliitwa Somali. Na meli ya Wajerumani iliyoiletea Königsberg makaa, ikaungua ndani ya Rufiji mwezi Novemba 1914, nayo iliitwa Somali! Sina la kusema juu ya hilo ila kwamba linafurahisha.

Mwezi Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yalikuwa tayari kuvuka kwenda Ufaransa, tarehe 5. Upande wa magharibi wa Ireland, kijijini Blacksod, binti wa ofisi ya posta aitwaye Maureen Flavin alisoma barometa usiku wa manane, akaona inashuka haraka, akapeleka habari kama alivyopeleka siku zote. Hakujua zinakwenda kutumika wapi. Kwa habari zake na za wengine uvukaji ukaahirishwa siku moja, mpaka tarehe 6, dhoruba ilipopumzika kidogo. Wajerumani hawakuwa na macho ya kutosha magharibi. Waliona hewa mbaya tu. Jemadari wao Rommel alikuwa amekwenda nyumbani kwa siku ya kuzaliwa ya mkewe.

Baada ya vita mataifa yalikubaliana kuziendeleza meli hizo kwa amani, vituo 13 katika Atlantiki ya Kaskazini. Setilaiti ya kwanza ya hewa ilirushwa Aprili 1960, na meli zikapungua moja moja. Ya mwisho, Polarfront ya Norwei, ilifunga kazi mwanzoni mwa 2010.

Utauliza, haya yanamhusu nini mtu wa Ruaruke? Yanamhusu sana. Bahari inayomletea Kusi na Kaskazi bado hupimwa kwa meli zinazopita, na kwa maboya na vyombo vinavyoelea. Maharamia wa Somalia walipozidi, kuanzia mwaka 2008 hivi, meli zilikwepa upande wetu, na zile za utafiti hazikuthubutu kuja kutia vyombo majini. Wataalamu waliochunguza jambo hilo wakakuta pengo la habari za upepo katika magharibi ya bahari ya Hindi. Mwaka 2011 ikabidi wanamaji wa Australia na Marekani wasaidie kuvipeleka vyombo. Havikuwa vita vya mataifa, lakini bahari ilinyamaza vile vile.

Na pwani yetu si pwani isiyo na dhoruba, ingawa wengi hudhani hivyo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuing'oa mikarafuu na minazi na kuvunja majahazi bandarini. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mwezi Aprili 2024 Rufiji ilifurika, ikazamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, na kabla maji hayajakauka kimbunga Hidaya kikaja kutoka baharini, kikafika Mafia tarehe 4 Mei. Barabara ya Kilwa ikakatika upande wa Somanga. Lakini safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza siku kadhaa mapema. Kimbunga kilionekana kingali mbali, kikapewa jina, kikafuatwa. Vyombo vya kwenda Zanzibar vikazuiwa kuondoka.

Nilimwuliza yule mzee wa dungu kama anaamini tangazo la redio kuliko macho yake. Alicheka. Akasema macho yake humwambia ya jioni hii, na redio humwambia ya keshokutwa, naye anahitaji yote mawili kwa sababu mashua ya mwanawe huondoka usiku, maji yanapopanda, na hairudi kabla ya siku mbili. Halafu akaniomba nisogee, maana nilikuwa nimekaa upande anaotazamia mto.